Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Dereva wa Teksi Mombasa na Ulanguzi wa Binadamu

Maswali haya yametoka midomoni mwa madereva wenyewe: wa stendi ya uwanja wa ndege wa Moi, wanaongoja abiria wa treni Miritini, wa Mwembe Tayari, wa Likoni, na wale wa apu ambao stendi yao ni popote penye kivuli cha mwarobaini. Tumeyaandika karibu na yalivyoulizwa. Kama hujawahi kuhudhuria mafunzo yetu ya madereva, anza mwanzo. Kama una abiria anayekutia wasiwasi hivi sasa, ruka uende swali la 11.

## Mambo ya msingi

1. Ulanguzi wa binadamu ni nini hasa?

Ni kumchukua mtu, kumsafirisha, kumpokea au kumficha kwa nguvu, kwa vitisho, kwa udanganyifu au kwa kutumia unyonge wake, ili akatumikishwe. Kutumikishwa huko kunaweza kuwa ukahaba wa kulazimishwa, kazi ya nyumbani isiyo na mshahara wala siku ya mapumziko, kuombaomba barabarani kwa faida ya mwingine, ndoa ya lazima, hata kutolewa viungo vya mwili. Sheria ya Kenya ya kupambana na ulanguzi ilipitishwa mwaka 2010 na ikaanza kutumika 2012. Imefuata mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000, maarufu kama Itifaki ya Palermo.

Katika mafunzo tunamwomba dereva ashike mambo matatu: kitendo, njia na lengo. Mtu amebebwa, amedanganywa, na anapelekwa kutumikishwa. Kwa mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, hesabu hupungua: akisafirishwa ili atumikishwe, huo ni ulanguzi hata kama hakuna aliyemdanganya wala kumtishia.

2. Kwani si lazima awe ametekwa, amefungwa, analia?

Hili ndilo kosa linalotufumba macho wengi. Dereva anangoja kuona mtu aliyefungwa kamba, na kwa kuwa hajamwona, anaamini hajawahi kubeba aliyelanguliwa.

Mfikirie msichana wa miaka 19 kutoka Kaloleni. Ameshonewa nguo mpya, amesuka nywele, mama yake amemwombea dua asubuhi. Anashuka Miritini au anapanda hapo, ameambiwa kuna kazi ya hoteli. Anacheka na wewe njia nzima. Mateso yake yako kesho kutwa, baada ya simu na kitambulisho kuchukuliwa na kuambiwa kwamba nauli, chakula na malazi ni deni lake la kulipa. Ukimbeba siku ile ya furaha, kitakachokushtua si machozi. Kitakachokushtua ni mambo madogo tuliyoyaeleza kwenye swali la 6.

3. Kuna tofauti gani na kuvusha watu mpakani kimagendo?

Anayevushwa kimagendo hulipa ili afikishwe ng'ambo bila karatasi, na kwa kawaida biashara kati yake na mvushaji huisha akishafika. Anayelanguliwa, kufika ndiko mwanzo wa biashara. Tena ulanguzi hauhitaji mpaka wowote: kumtoa mtoto Ganze na kumleta Bamburi kumtumikisha ni ulanguzi kamili mbele ya sheria yetu.

Barabarani mambo haya mawili huchanganyika. Mtu huanza safari kwa hiari yake, akalipa, kisha katikati anafungiwa nyumba fulani mpaka ndugu zake watume pesa zaidi. Usijisumbue kuamua ni lipi kati ya hayo mawili. Ripoti ulichokiona, jina lake wataliamua wachunguzi.

4. Kama alikubali mwenyewe, kosa liko wapi?

Alikubali nini? Ukimuuza mtu gari ukamwambia injini ni mpya, kumbe imekufa, huwezi kusema alikubali kununua gari bovu. Sheria ya 2010 inasema wazi kwamba kukubali kwa mwathiriwa si utetezi pale ambapo palitumika udanganyifu, vitisho au nguvu. Na kwa mtoto, kukubali hakuhesabiki kabisa.

5. Mimi natafuta riziki tu. Haya yananihusu vipi?

Yanakuhusu kwa sababu mlanguzi hana budi kumsogeza mtu kutoka hapa hadi pale. Kutoka treni hadi nyumba ya kukodi Nyali, kutoka basi la Mwembe Tayari hadi Likoni, kutoka gesti hadi uwanja wa ndege. Mara nyingi wewe ndiye mtu wa nje pekee anayekaa na mwathiriwa dakika thelathini, anayemsikia akizungumza na anayeujua mlango aliposhushwa. Polisi hawana nafasi hiyo. Wala daktari.

Nchini Marekani madereva wa malori walianza mwaka 2009 kufundishana kutambua ulanguzi barabarani, na madereva wa teksi za apu wakafuata. Desemba 2016, dereva wa Uber mjini Elk Grove, California, alibeba wanawake wawili na msichana. Alisikia wanawake wakimwelekeza msichana namna ya kupokea pesa kutoka kwa mwanamume waliyekuwa wakimpelekea hotelini. Aliwashusha kama kawaida, akasogea, akapiga simu polisi. Msichana alikuwa na miaka 16. Dereva hakupigana na mtu, hakufunga milango ya gari. Tunakisimulia kisa hicho kila kikao kwa sababu ndicho tunachowaomba madereva wetu, hakuna zaidi.

Na hapa Pwani tuna sababu yetu wenyewe. Utafiti uliochapishwa na UNICEF pamoja na serikali mwaka 2006 ulikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani walikuwa wakiingizwa katika biashara ya ngono. Hao ni mabinti wa mitaa yetu, na wengi walifikishwa walikofikishwa kwa gari la mtu.

## Kutambua

6. Dalili ni zipi?

Dalili moja peke yake haisemi kitu. Sote tumebeba abiria mkimya, abiria aliyelia, abiria asiyejua anakokwenda. Tazama zinapokutana tatu au nne.

Tuanze na anayeshika safari. Gari limeitwa na mtu mwingine, jina la kwenye apu si la abiria. Hilo ni la kawaida, kwani vijana wengi huwaitia mama zao gari. Lakini mwana anayemwitia mama yake hupiga simu kusema "mshushe polepole, ana mguu." Huyu mwingine anapiga kila baada ya dakika chache: umefika wapi, usisimame popote, usimpe simu yako, akiuliza mwambie bado kidogo. Abiria hajui jina la mtaa anakopelekwa wala jina kamili la anayempokea.

Kisha karatasi na simu. Mtu mzima ambaye kitambulisho, pasipoti na simu yake viko mkononi mwa mwenzake. Vijana watano wasiofahamiana, kila mmoja na bahasha ya kaki inayofanana, wakiongozwa na mtu mmoja anayewajibia kila swali. Ukiuliza tu "mnatoka wapi?" wote wanamtazama yeye kabla ya kufungua mdomo. Majibu yanayofanana neno kwa neno, kama shairi la shule, nayo yaangalie.

Mwili pia husema: alama za kupigwa, uchovu usio wa safari, njaa, mavazi yasiyofaa umri wa mtoto au saa ya usiku, mtu anayeshtuka mwenzake akinyanyua mkono.

Mwisho ni mpangilio, na huu ni wewe tu unayeweza kuuona. Nyumba ileile ya Airbnb, usiku, kila wiki wasichana tofauti. Mtu yuleyule anayekutaka uzime apu na anayelipa zaidi ya nauli bila kubishana. Mombasa hii mtu asiyebishana nauli, akakuongezea juu, huku akikuomba usiseme ulimpeleka wapi! Hilo litoshe kukufanya uandike namba, saa na mahali.

7. Nimebeba mtu mzima na mtoto. Nitajuaje kama ni mzazi?

Hutajua kwa hakika, na usimhoji mtu kama askari. Lakini mazungumzo ya kawaida ya gari hufichua mengi. Muulize mtoto jina lake, darasa lake, wanakwenda kumwona nani. Mtoto aliye na wake hujibu au huona haya na kumng'ang'ania mtu wake. Aliyeletwa na mgeni hukaa mbali naye kwenye kiti, hajui amwite nani, na mara nyingi hajui anakwenda kulala wapi. Mtu mzima naye asiyejua jina la darasa la "mwanawe" au anayemkatiza kila akifungua mdomo, hilo liweke akilini.

Mtoto mwenye ulemavu anayeshushwa alfajiri barabarani na kuchukuliwa jioni na mtu mmoja, siku baada ya siku, anahitaji jicho la pekee. Kuna watoto wanaosafirishwa kutoka mbali, hata kutoka nchi jirani, ili waombe pesa ambazo hawatazigusa.

8. Abiria akiwa mwanamke aliyejitanda, mkimya, anayeongelewa na mumewe, si hizo ni dalili zako?

La. Huo ni mwenendo wa nyumba nyingi za Mombasa, na dereva atakayewashuku hao atakuwa amewakosea adabu na ameupoteza muda wake. Vivyo hivyo, kuwa Msomali, Muethiopia, Mtanzania au Mzungu si dalili ya lolote. Wenzetu kadhaa walipotoka kwenye mafunzo ya kwanza walianza kumshuku kila Mzungu mwenye mke Mwafrika. Tulikosea kutolisisitiza hili mapema, ndiyo maana leo linachukua nafasi kubwa kikaoni. Tunatazama vitendo na woga. Hatutazami ngozi, dini wala mavazi.

9. Na akina dada wanaofanya kazi usiku Mtwapa?

Mtu mzima anayejiamulia mambo yake, mwenye simu yake, pesa zake na uhuru wa kurudi kwake, si suala la ukurasa huu. Mheshimu, mfikishe salama. Suala linaanza pale pesa zinapopokewa na mwingine, anapoogopa kurudi bila kiasi fulani, anapokuambia hawezi kuondoka kwa sababu ya deni, au unapoona wazi kwamba ni mtoto. Kwa mtoto hatusemi anafanya "kazi." Anadhulumiwa, na aliyemleta ana kesi.

10. Kila wiki napeleka wasichana wanaokwenda Saudia. Wote wanalanguliwa?

Hapana, na tusiwavunje moyo wanaokwenda kihalali kutafutia watoto wao. Wapo waliokwenda Saudia, Qatar, Oman na Falme za Kiarabu, wakajenga nyumba. Wapo pia waliorudi na majeraha, na waliorudi ndani ya jeneza.

Wakala wa ajira anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa umma. Msichana wa safari halali ana mkataba anaouelewa, anajua jina la mwajiri, ana nakala za karatasi zake na ndugu zake wanazo pia. Wasiwasi uje pale anapokwenda kwa viza ya utalii na huku ameahidiwa kazi, alipoambiwa atasaini mkataba akishafika, au alipokatazwa kumwambia mtu wa nyumbani. Kama mnaongea na safari ni ndefu, mwambie tu: "Dadangu, pasipoti yako ipige picha, mtumie mama. Na jina la wakala pia." Maneno hayo hayamwudhi mwenye safari safi.

## Kuchukua hatua

11. Nina wasiwasi na abiria yumo garini. Nifanye nini?

Endesha kama kawaida. Usibadilishe njia, usifunge milango, usimtazame sana kwenye kioo. Usimwambie mtuhumiwa kwamba umemshtukia. Kumbuka kwamba hata ukimkomboa mtu kwa dakika tano, wewe utaondoka, naye huenda akaadhibiwa kwa hasira ulizoziwasha.

Shika kichwani mambo machache: ulipowachukua na saa, wangapi, umri wa kukisia, mavazi, majina uliyoyasikia, namba ya simu iliyokupigia, mahali penyewe waliposhukia na nani aliyewapokea. Kama kuna gari lililowangoja, namba yake. Wakishashuka, sogea mpaka mahali salama, kwenye taa na watu, ndipo uandike na upige simu. Foleni ya feri Likoni hukupa muda wa kutazama, lakini usipige simu hapo huku wakikusikia.

Kuna hali moja tofauti. Ukiona mtu anapigwa, anatishwa kwa silaha, au anakuomba msaada kwa mdomo wake, hiyo ni dharura. Simama penye watu au askari, kwa mfano kituo cha mafuta au kizuizi cha polisi, kwa kisingizio cha gari: tairi, mafuta, injini inachemka. Ikiwa apu yako ina kitufe cha dharura, kitumie.

12. Nimpigie nani?

Hatari ya papo hapo: 999 au 112. Mtoto: 116, laini ya kuwasaidia watoto, ni ya bure na iko wazi saa zote. Dhuluma za kijinsia: 1195, bure pia. Ukitaka kuwapa wapelelezi taarifa bila kutaja jina lako, Idara ya Upelelezi wa Jinai, yaani DCI, ina namba ya bure 0800 722 203.

DCI ina kitengo maalumu cha kupambana na ulanguzi wa binadamu na kulinda watoto, chenye ofisi Nairobi na hapa Mombasa. Ukienda kituo cha polisi cha kawaida, omba dawati la jinsia na watoto, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Namba hiyo ndiyo ushahidi kwamba uliripoti, na inaweza kukulinda baadaye (tazama swali la 17). Kwa suala la mtoto unaweza pia kwenda kwa afisa wa watoto wa eneo lako.

Ziandike namba hizi kwenye simu kwa majina yasiyovutia macho. Dereva mmoja alizihifadhi kama "Fundi Breki." Tukalichukua wazo lake.

13. Niseme nini wakipokea? Mimi si mtu wa maneno mengi.

Sema uliyoyaona kwa mpangilio, bila kuyapamba. Kwa mfano: "Mimi ni dereva wa teksi, sitaki kutaja jina. Saa nne na robo usiku nimechukua mwanamume mmoja na wasichana wawili Miritini, mmoja kama miaka kumi na minne. Mwanamume ameshika simu zao zote. Nimewashusha Bamburi, nyumba ya geti jeusi mkabala na duka la dawa. Msichana mdogo ameniuliza hapa ni mji gani."

Sentensi ya mwisho hiyo ina uzito kuliko kusema "nadhani ni walanguzi." Tenganisha uliyoyaona na unayoyadhani.

14. Je, nikikosea? Nitakuwa nimemharibia mtu jina.

Kuripoti si kuhukumu. Umetoa taarifa kwa siri kwa wanaopaswa kuichunguza, na ikiwa ni baba na binti yake, mambo yataishia hapo. Kinachoharibu jina la mtu ni kumpigia kelele za mwizi barabarani, na hilo tumelikataza kabisa. Mombasa tunaijua hasira ya umati, na umati ukishaanza hausikilizi maelezo.

Anayeripoti uongo kwa makusudi ili kumkomoa mtu, huyo ana kosa lake kisheria. Aliyeripoti kwa nia njema hana la kuogopa.

15. Naogopa. Hawa watu wana pesa, na pengine wana mtu wao kituoni.

Hofu hii si ya kijinga na hatutakudharau kwa kuwa nayo. Kama huamini kituo cha karibu, pitia 116 au namba ya DCI. Unaweza pia kuanzia kwa mashirika ya haki za binadamu hapa mjini, kama Haki Africa na MUHURI, ili ripoti yako iwe na shahidi wa pili. Usiwasimulie wenzako stendi, hata wale unaokula nao. Habari ya stendi hufika Kongowea kabla yako.

Kesi ikifika mahakamani na ukahitajika kama shahidi, Kenya ina sheria ya kulinda mashahidi tangu 2006 na taasisi inayoisimamia. Mwambie mwendesha mashtaka mapema kwamba unahofia usalama wako.

16. Naweza kurekodi, halafu nitume kwenye kundi la WhatsApp la madereva?

Kutuma, hapana. Ukisambaza sura ya mtoto aliyedhulumiwa umemdhulumu mara ya pili, umevunja faragha yake ambayo sheria inailinda, na umempa mlanguzi onyo la kuhama nyumba. Tumeona namna kundi la watu mia mbili linavyovuja. Humo ndani huenda yumo anayewabebea.

Kama gari lako lina kamera inayorekodi siku zote na abiria huijua, hifadhi faili hiyo isifutike na uwape wapelelezi peke yao. Kutoa simu na kumwelekezea mtu usoni, usifanye.

## Sheria na dereva mwenyewe

17. Naweza kushtakiwa kwa kuwabeba tu?

Ukiwa hukujua na hukuwa na sababu ya kujua, wewe ni shahidi. Ukijua ukasaidia, wewe ni mshirika, na sheria ya 2010 haibagui kati ya aliyepanga na aliyesaidia kwa kujua. Adhabu ya ulanguzi ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote pamoja. Kosa la pili ni kifungo cha maisha.

Kuripoti mapema na kuwa na namba ya OB huonyesha ulikuwa upande gani. Safari ya ndani ya apu nayo ina kumbukumbu ya muda na njia inayothibitisha maelezo yako. Ndiyo maana tunasisitiza: ukiombwa uzime apu, jiulize ni nani anayenufaika safari hiyo isipoonekana.

18. Nimepewa dili: watu sita, usiku, hadi karibu na Lunga Lunga, mpakani na Tanzania. Pesa ni ya wiki nzima.

Usiende. Tunajua bei ya mafuta, tunajua mkopo wa gari, tunajua mwenye gari anavyosubiri hesabu yake jioni. Lakini safari hiyo ni kipande cha njia ndefu ya kwenda kusini, na ujue inavyoweza kuishia. Machi 2020, Waethiopia 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena la lori mkoa wa Tete, Msumbiji, kwa kukosa hewa. Desemba 2022, miili 27 ya watu walioaminika kuwa Waethiopia ilikutwa imetupwa kando ya jiji la Lusaka. Kila mmoja wao alipita mikononi mwa madereva kadhaa, na kila dereva alibeba kipande chake kidogo tu.

Ukikamatwa, gari huzuiliwa kama kielelezo kwa muda wote wa kesi, hata kama si lako. Aliyekupa dili hatakuja mahakamani. Kataa kwa kisingizio chepesi, "gari lina tatizo la gia," kisha piga namba ya DCI.

19. Mgeni ameniomba nimtafutie msichana "mdogo mdogo," komisheni nono.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamtaja mtu wa aina hii na inakutaja wewe pia: anayepanga safari kwa ajili ya mwingine kwa nia ya kuwezesha mtoto adhulumiwe kingono anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10. Na ikifika kiwango cha ulanguzi, rudi uone swali la 17.

Usimbembeleze na usimtukane. Mwambie hufanyi kazi hiyo, mfikishe alikokuwa akienda, kisha uripoti hoteli, chumba kama unakijua, na maneno aliyoyatumia. Usijifanye unamtegea mtego mwenyewe kwa kumtafutia kweli. Dereva mwenye nia njema anaweza kujikuta kizimbani kwa njia hiyo.

## Kesi ngumu

20. Nilimwambia binti nimpeleke polisi, akakataa katakata.

Hilo hutokea sana, na haimaanishi umekosea. Pengine ameambiwa atafungwa kwa kukosa karatasi, au mlanguzi anajua kwao na amewatishia wadogo zake. Wengine wanampenda anayewauza. Sheria inamlinda mwathiriwa asishtakiwe kwa makosa yaliyotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake, na ukipata nafasi mwambie hivyo.

Kama ni mtu mzima, usimlazimishe. Mpe namba moja aikariri, 1195, na usimwandikie karatasi inayoweza kukutwa mfukoni mwake. Kama ni mtoto, kukataa kwake hakukuondolei wajibu. Ripoti.

21. Shangazi yangu huleta wasichana wadogo kutoka kijijini kuwatafutia kazi za nyumbani. Huyu naye ni mlanguzi?

Swali hili huleta ukimya kikaoni, kwa sababu karibu kila mmoja ana shangazi kama huyo. Desturi ya kumlea mtoto wa ndugu mjini ili asome ni nzuri na imewafikisha wengi mbali. Basi tazama mtoto alikofikia. Anakwenda shule? Anazungumza na mamake kwa simu? Anaweza kurudi akitaka? Mshahara, kama ni mkubwa wa kutosha kuajiriwa, unaingia mkononi mwa nani?

Shangazi anayepokea pesa kwa kila kichwa, akamwacha mtoto wa miaka kumi na miwili kwa watu asiowajua, ili apike, afue na kulea mchana na usiku bila shule, huyo anafanya ulanguzi, na undugu haubadilishi jina hilo. Zungumza naye kwanza ikiwa unaona atasikia na mtoto hayuko hatarini. Kama mtoto anapigwa au anaingiliwa, usimngoje shangazi. Piga 116.

22. Mimi mwenyewe nimepata kazi ya udereva Doha. Nifuate kanuni zilezile?

Zilezile za swali la 10, na uzifuate kwa makini zaidi, kwa kuwa mwanamume hudhani yeye hawezi kulanguliwa. Wakenya waliokolewa kutoka Myanmar na Laos miaka ya karibuni walikuwa vijana wenye elimu, walioahidiwa kazi nzuri za ofisini Thailand. Walifungiwa katika majumba na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni.

Usilipe pesa kwa akaunti ya mtu binafsi. Usikubali kazi iliyobadilika jina mara mbili kabla hujaondoka. Acha nakala ya pasipoti na mkataba kwa mkeo, na mkubaliane neno la siri: ukilitaja kwenye simu, ajue hauko sawa hata kama unacheka.

23. Kuna abiria niliyembeba zamani. Sasa nimesoma haya, naona nilimpeleka pabaya.

Karibu kila kikao kuna dereva anayebaki nyuma wenzake wakishaondoka, akiwa na swali hili. Hukujua wakati ule, na aliyepanga safari ile alihakikisha hujui. Lakini taarifa yako haijaoza. Nyumba huenda bado inatumika, na namba ya simu ile huenda imetajwa na mtu mwingine.

Fungua historia ya safari kwenye apu, utafute tarehe hiyo, upige picha ya skrini yenye njia na saa. Kama ilikuwa safari ya pembeni, tazama ujumbe wa M-Pesa wa siku hiyo, kwani jina na namba ya aliyelipa vimo humo. Fanya hivyo leo, kabla hujabadilisha simu au kufuta jumbe, kisha upige mojawapo ya namba za swali la 12.